Haidroponiki ya mcheduara: maana yake, na nafasi inayookolewa

Haidroponiki ni ukuzaji wa mimea bila udongo, ambapo mizizi hupata chakula chake kutoka katika maji yaliyoyeyushwa ndani yake madini ambayo mmea ungeyafuata ardhini. Jina hilo limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja la maji na jingine la kazi, na lilianza kuenea mwaka 1937 kupitia William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, aliyekuza minyanya katika matangi ya maji. Mcheduara nao ni umbo la pipa au la mtungi wa gesi: duara chini, duara juu, na ukuta unaozunguka. Haidroponiki ya mcheduara, basi, ni bustani ambayo miche yake haikupangwa sakafuni bali imepachikwa kwenye ukuta huo, hivi kwamba bustani nzima imesimama wima.

Kwa mtu anayeishi katika fleti ya vyumba viwili kule Tudor, Mombasa, au katika nyumba ya Mji wa Kale isiyo na ua, faida yake inaonekana mara moja. Chukua nguzo yenye kipenyo cha sentimita 30 na kimo cha mita 1.5. Inakalia sakafu ya mita mraba 0.07 tu, ilhali ukuta wake una mita mraba 1.41, yaani mara 20 ya sakafu hiyo. Hata hivyo hesabu hiyo, ambayo wauzaji hupenda kuitaja, haijakamilika, kwa kuwa saladi au mchicha ukishakua hutoka nje ya ukuta kwa sentimita 20 hivi kila upande. Kipenyo halisi kinakuwa sentimita 70, na sakafu inayotumika inapanda hadi karibu mita mraba 0.38. Uwiano unashuka kutoka mara 20 hadi chini kidogo ya mara nne. Bado ni faida kubwa, lakini anayebuni mfumo wake kwa kuangalia bomba tupu atajikuta hana pa kupitia mboga zitakapokomaa.

Uamuzi mkuu katika ubunifu ni mimea itazame wapi. Ikitazama nje, tunapata nguzo: mizizi iko ndani, majani yanapanuka kadiri yanavyoenda mbali na ukuta, na kila mche unapata nafasi zaidi ya ile uliyopewa kwenye tundu lake. Tatizo la nguzo ni mwanga, kwa kuwa taa moja humulika upande mmoja tu na upande wa pili hubaki kivulini. Ikitazama ndani, tunapata pipa lenye taa katikati, ambapo karibu mwanga wote huishia kwenye majani. Hapo, lakini, majani yanasongamana kadiri yanavyokaribia taa: katika pipa la kipenyo cha mita moja, miche iliyofikia robo mita imebakiwa na nusu tu ya mzingo uliokuwapo ukutani. Kwa hiyo umbali kati ya miche ndani ya pipa hupimwa pale yatakapofika majani, wala si pale ilipo mizizi.

Kwa Mombasa mimi ningechagua nguzo. Pipa lililofungwa huzuia joto la taa ndani yake, na katika chumba ambacho mwezi wa Machi tayari kina nyuzi 30 na zaidi, joto hilo halina pa kwenda. Tena jua letu, kwa kuwa tuko takriban nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, hupita karibu na utosi, na haliingii sana dirishani saa za adhuhuri. Madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo yanayopokea mwanga wa maana, asubuhi au alasiri. Nguzo iwekwe karibu na dirisha la namna hiyo, igeuzwe robo mzunguko kila siku, na isaidiwe na taa mbili za LED zilizosimamishwa wima pande zenye giza, ili mboga za majani zifikishe saa 14 hadi 16 za mwanga.

Maji husukumwa na pampu ndogo kutoka tangi la chini hadi kileleni, kisha hutiririka juu ya mizizi na kurudi. Kimo kinachoandikwa kwenye pampu ndicho kile ambacho maji hukoma kabisa kupanda, kwa hiyo nguzo ya mita 1.5 huhitaji pampu ya mita mbili au zaidi. Tangi likae chini, kwani lita 40 ni kilo 40, na uzito huo ndio unaoizuia nguzo isianguke.

Maji yenyewe yanahitaji uangalifu zaidi ya kitu kingine chochote. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na kwa kuwa mimea haiinywi kwa wingi, chumvi hiyo hubaki na kuongezeka kila tangi linapojazwa upya; maji ya mvua au ya mfereji ni bora. Uchachu ushikiliwe kati ya pH 5.5 na 6.5. Joto nalo hupunguza hewa: maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5, na mizizi iliyokosa hewa huoza upesi. Tangi lifunikwe, lipakwe rangi nyeupe kwa nje, na liwekwe mbali na ukuta unaopigwa na jua. Kifuniko hicho kisiache mwanya wowote, maana mbu wanaoeneza dengi na chikungunya, magonjwa ambayo mji huu umeyapata zaidi ya mara moja, hutaga mayai katika maji yaliyotulia majumbani.

Unyevu wa pwani una athari nyingine isiyotazamiwa. Hewa ikiwa nzito na imetulia, majani hayatoi maji ya kutosha, kalisi (kalsiamu) haifiki ncha za majani machanga, na saladi huungua kingoni hata kama mbolea haina kasoro. Feni ndogo inayopuliza taratibu hutosha.

Stima ikikatika, mizizi inayoning'inia mitupu hukauka kwa muda mfupi. Ndiyo maana kila kikombe cha mche ni vyema kijazwe usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, unaohifadhi maji kwa saa kadhaa. Usumba unapatikana kwetu kwa wingi, ila makumbi huozeshwa baharini kabla ya kupondwa, kwa hiyo uloweshwe katika maji matamu na kukamuliwa mara kadhaa, hadi maji yanayotoka yasiwe na ladha ya chumvi, ndipo mche upandwe.