Kwa nini mashine ya espresso ya nyumbani hunguruma, na kelele yake hupunguzwaje?

Mashine nyingi ndogo za espresso hazina mota ya kusukuma maji. Zina pampu ya mtetemo: koili ya waya, na ndani yake pistoni ya chuma yenye springi. Umeme ukipita, sumaku ya koili huvuta pistoni. Ukikatika, springi huirudisha kwa nguvu na kusukuma maji. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa 50 Hz, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na dayodi iliyo kwenye pampu hupitisha nusu moja tu ya kila wimbi. Kwa hiyo pistoni hupiga mara 50 kwa sekunde, yaani mara 3,000 kwa dakika. Mashine iliyoletwa kutoka Marekani, hata ukiipitisha kwenye transfoma, nayo itapiga mara 50 badala ya 60 ilizozoea kwao, kwa kuwa transfoma hushusha volti tu. Mashine kubwa za mgahawani kwa kawaida hutumia pampu ya kuzunguka, ndiyo maana hutulia zaidi.

Hata hivyo, pampu yenyewe si kubwa. ULKA EP5 ya Italia, inayopatikana kwenye mashine nyingi, ni ya wati 48 tu. Kelele inayojaza jiko hutoka kwenye vitu ambavyo mtetemo wake unavifikia, hasa mabati membamba ya chuma cha pua, ambayo huukuza kama ngozi ya ngoma. Kazi basi ni kuikata njia ya mtetemo, wala si kuifunika pampu.

Anza bila bisibisi. Jaza tangi, ondoa vikombe vilivyo juu, washa pampu bila kahawa, kisha gandamiza kwa kiganja sehemu moja moja za nje zisizo za moto: ubavu, mfuniko wa tangi, trei ya matone. Ukigusa mahali na mlio ukapungua ghafla, umempata mkosaji. Mara nyingi ni trei na wavu wake. Vipande vidogo vya silikoni vya unene wa milimita 1 hadi 2, vikiwekwa kwenye pembe zinazogusana, humaliza tatizo hilo.

Kama bado, chomoa plagi, acha mashine ipoe angalau saa moja, toa maji, ndipo ufungue. Tazama pampu. Huwa imeshikwa na mipira miwili (vishikio vya raba), mmoja kila upande, ili ining'inie badala ya kugusa bodi, yaani kasha la mashine. Isukume kwa kidole: inapaswa kucheza kidogo kila upande. Joto la boila, chombo cha kuchemshia maji, hukausha mipira hiyo; ukiiminya kwa ukucha ikakataa kubonyea, au ikiwa na nyufa, badilisha yote miwili. Kosa linalofanywa sana ni kuikaza pampu kwa waya au skrubu ili “itulie”. Ukifanya hivyo, mtetemo wote unahamia kwenye bodi na kelele inazidi.

Fuata mirija. Ule unaotoka kwenye pampu ni mgumu kwa sababu hubeba shinikizo la bar 9 na zaidi, na kila pigo la pistoni hupita humo. Mrija huo ukiwa unagusa bati, usogeze ubaki na nafasi ya milimita 5 hivi. Nafasi ikikosekana, pasua kipande cha hozi ya silikoni kwa urefu, kiviringishe juu ya mrija, ukifunge kwa mkanda wa plastiki bila kukaza. Usibadilishe mrija wenyewe kwa hozi laini: shinikizo litaupasua.

Kwa ubavu unaolia, bandika ndani yake shiti ya butili (aina ya mpira unaonata) yenye karatasi ya alumini, ile ya milango ya magari, unene wa milimita 2. Futa bati kwa spiriti kwanza. Robo hadi nusu ya eneo, katikati ya bati, inatosha. Epuka shiti za lami, maana joto huzilainisha na kutoa harufu. Usibandike karibu na boila, matundu ya hewa wala nyaya, na pampu usiivishe chochote. Koili hupata moto. Pampu nyingi za aina hii zimeundwa zifanye kazi dakika moja au mbili kisha zipumzike, na zikizidiwa na joto kinga yake hukata umeme.

Kabla ya kufunga, hakikisha waya wa ethi umerudi mahali pake na umebana vizuri kwenye bodi.

Mlio mkali usiotoa maji ni jambo jingine: pampu imenasa hewa. Jaza tangi, angalia kama mrija wa kunyonya haujajikunja, fungua koki ya maji ya moto na uwashe pampu hadi maji yatoke mfululizo. Sauti ikishuka na kuwa nzito wakati kahawa inachuruzika, iache. Hapo pampu inafanya kazi dhidi ya shinikizo, kama inavyotakiwa.