Mwamuzi Hapimwi kwa Idadi ya Mabao

Mashindano ya soka ya kata na ligi za wilaya zikipamba moto mkoani Tabora, barua na klipu za simu nazo huongezeka, karibu zote zikidai kwamba mwamuzi "kaibeba" timu fulani. Makala haya hayagusi mchezo wowote ambao malalamiko yake bado yanashughulikiwa.

Mtathmini, yaani mtu anayepima kazi ya mwamuzi, hupima uamuzi mmoja mmoja. Kwa kila tukio kubwa anaandika dakika, kilichotokea, mwamuzi alikuwa amesimama wapi, na aliamua nini. Hapo pa kusimama ndipo mashabiki hukosea. Mwamuzi aliye pembeni, mita 10 au 15 hivi, anaona nafasi kati ya wachezaji wawili. Aliyefunikwa na mgongo wa beki haoni kitu hata akiwa mita tano. Uamuzi sahihi uliotolewa kutoka mahali pabaya bado ni kasoro, maana ulikuwa wa kubahatisha.

Makosa nayo hayalingani. Kumhesabia mchezaji ameotea kutokana na mpira wa kurusha ni kutojua kanuni, na kosa hilo halina utetezi. Kukosea kuotea kwa nusu hatua, mshika kibendera akiwa sambamba na beki wa pili kutoka mwisho, ni kosa la jicho. Akiwa amebaki nyuma hatua tatu, tatizo ni mwendo wake, na hilo huhesabiwa zaidi dhidi yake. Tafadhali, klipu iliyopigwa kutoka nyuma ya goli haithibitishi kuotea. Haithibitishi hata ikisambazwa kwenye makundi yote ya Nzega na Urambo.

Katika kipimo cha UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ambacho kilele chake ni 10, kazi ya kiwango kinachotarajiwa hupewa 8.3 au 8.4. Kosa moja kubwa na la wazi humshusha mwamuzi hadi 7.9, hata kama kwingine kote alikuwa safi. Ugumu wa mchezo huandikwa pia.

Malalamiko mengine yanatokana na kanuni kutosomwa. Beki aliyenyima nafasi ya wazi ya bao ndani ya 18 (eneo la penalti), huku akijaribu kuucheza mpira, hupewa njano pamoja na penalti. Si nyekundu. Na tangu msimu wa 2025/26, kipa akiushika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde nane, wapinzani hupewa kona. Mwamuzi huinua mkono na kuzihesabu tano za mwisho, kwa hiyo hakuna aliyeviziwa.

Anayetaka kulalamika aandike tarehe, uwanja, timu, dakika, tukio, na kanuni anayoona imevunjwa. Barua isiyo na dakika haiwezi kulinganishwa na kumbukumbu za mtathmini. Aelewe pia kwamba, kwa Kanuni ya 5 ya sheria za soka, uamuzi wa mwamuzi kuhusu matukio ya mchezo ni wa mwisho, likiwemo bao kukubaliwa au kukataliwa. Tathmini humhusu mwamuzi, hairudishii timu pointi.

Kumpiga mwamuzi ni jinai, na polisi wanahusika. Kumpinga kwa maneno au vitendo ni njano. Kumtukana ni nyekundu. Kosa likitoka benchi na aliyelitenda asijulikane, kadi humwendea kocha wa ngazi ya juu aliyepo katika eneo la ufundi. Viongozi wanaokuja kuuliza kwa nini kocha wao aliyekaa kimya katolewa waanze kwa kumuuliza aliyekuwa ameketi pembeni yake.