Kabla ya kuchomeka gari la umeme kwenye ekstensheni

Mezani kwangu kuna plagi ya pini tatu iliyoletwa na mmiliki wa gari dogo la umeme, baada ya kuamka alfajiri moja na kukuta baraza lake linanuka plastiki iliyoungua. Pini mbili bado zinang'aa. Ya tatu, ile inayobeba moto, imekuwa ya kahawia iliyokoza, na plastiki inayoizunguka imevimba kama andazi. Fyuzi iliyo ndani ni nzima, na sakiti breka ya nyumba hiyo haikushuka usiku ule. Ndipo akauliza: iweje plagi iungue na kinga zote zikae kimya?

Nianze kwa kusema wazi kwamba watengenezaji wengi wa magari ya umeme na wa chaja za kubebeka hukataza ekstensheni katika vitabu vyao vya maelekezo, na kitaalamu nakubaliana nao. Hata hivyo, wapo watu ambao maegesho yao yako mbali na soketi, na wengi wao watatumia ekstensheni hata wakikatazwa. Kwa hao, ni heri waelewe kinachotokea ndani ya waya kuliko kuambiwa "usifanye" na kuachwa hapo.

Utetezi ninaousikia mara nyingi ni huu: ekstensheni yangu inabeba birika la umeme la wati 2,000 bila shida, basi itabeba na gari. Birika huchemsha maji kwa dakika chache, kisha waya hupoa, na pasi nayo hujikata yenyewe kila inapofikia joto lililowekwa. Gari linalochajiwa kwa ampea 10, yaani takriban kilowati 2.3 kwa umeme wetu wa volti 230, huvuta mzigo huohuo tangu saa mbili usiku mpaka alfajiri, bila kupumzika hata dakika moja. Joto ambalo lisingewahi kujikusanya kwa birika hupata saa nane au kumi za kujikusanya kwa gari.

Joto hilo hutokana na ukinzani wa waya, yaani jinsi waya unavyoupinga umeme unaopita ndani yake, na hesabu yake si ngumu. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 0.75, ambao ndio unaopatikana katika ekstensheni nyingi za bei nafuu, una ukinzani wa takriban omu 0.026 kwa kila mita. Ekstensheni ya mita 20 ina mita 40 za waya, kwenda na kurudi, kwa hiyo ampea 10 zikipita humo huzalisha joto la takriban wati 104. Ukitumia waya wa milimita za mraba 1.5 joto hushuka hadi wati 53, na kwa 2.5 hushuka hadi wati 32. Wati 104 zikisambaa kwenye mita 20 za waya ulionyooshwa sakafuni, waya utakuwa vuguvugu tu. Lakini waya huohuo ukiachwa umezungushwa kwenye gurudumu lake, ni sawa na kuwasha balbu ya zamani ya wati 100 na kuifunika kwa plastiki usiku kucha. Ndiyo maana ekstensheni nzuri za gurudumu huandikwa viwango viwili: kimoja kikubwa kwa waya ulionyooshwa wote, na kingine kidogo sana, mara nyingi wati 1,000 hivi, kwa waya uliobaki umezungushwa. Gari huvuka kiwango hicho cha pili tangu dakika ya kwanza.

Kutoka hapo tunapata kanuni ya ununuzi. Usidanganyike na maandishi "13A 250V" yaliyo kwenye plastiki ya soketi, kwani hayo mara nyingi yanaieleza soketi na hayasemi chochote kuhusu waya. Pindua kebo yenyewe usome maandishi yaliyochapwa ubavuni mwake. Ukiona H07RN-F 3G2.5, hiyo ni kebo ya mpira ya kazi nzito yenye nyaya tatu, mmojawapo ukiwa wa ethi wenye rangi ya kijani na njano, na kila mmoja una unene wa milimita za mraba 2.5. Hiyo ndiyo ninayoipendekeza, isizidi mita 10, iwe kipande kimoja, na iwe na soketi moja tu mwishoni. Unene wa 1.5 ndio wa chini kabisa ninaoweza kuuvumilia, na kwa masafa mafupi tu. Kebo isiyo na maandishi yoyote iache dukani, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni orijino. Alama ya ubora ya TBS kwa Tanzania au ya KEBS kwa Kenya ni mahali pazuri pa kuanzia, ingawa haibadilishi unene wa waya.

Kuna pia kebo za alumini iliyopakwa shaba juu, na hizi zimewaponza hata mafundi. Kwa macho zinafanana na shaba, lakini alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba, kwa hiyo waya wa namna hiyo wenye unene wa 2.5 hupata joto karibu sawa na wa shaba wa 1.5. Uzito huusaliti: rola lake ni jepesi mno kwa ukubwa wake, na ukiukwangua waya kwa kisu, rangi nyeupe hujitokeza chini ya ile ya shaba.

Sasa nirudi kwenye plagi iliyo mezani kwangu, maana waya wa ndugu yule haukuwa mbaya. Kilichoungua ni mguso kati ya pini na vibano vya soketi. Vibano vikilegea, au pini ikishika kutu kwa chumvi ya hewa ya pwani, mguso hupata ukinzani wake wenyewe. Ukinzani wa omu 0.2 tu, ampea 10 zikipita, hutoa wati 20 mahali padogo kuliko ukucha. Chuma cha fundi redio cha kulehemu risasi huwa cha wati 30 hivi. Fyuzi haioni joto hilo kwa sababu mkondo haujaongezeka, bado ni ampea 10 zilezile, na sakiti breka haina namna ya kulijua. Kila ekstensheni inaongeza mguso mmoja wa aina hiyo, na ukiunganisha ekstensheni mbili unaongeza miwili. Vilevile chaja nyingi za kubebeka zina kihisi joto ndani ya plagi yake, lakini ukishaweka ekstensheni katikati, kihisi hicho kinapima soketi ya ekstensheni, na ile ya ukutani inabaki bila mlinzi. Hali ni hiyohiyo kwa kinga ya umeme unaovuja iliyo katika kisanduku cha chaja: inaanzia kwenye kisanduku kuelekea kwenye gari, nayo ekstensheni iko nyuma yake.

Adapta za pini mbili, na zile soketi za kupanga za televisheni na redio, hazina nafasi kabisa katika kazi hii. Adapta isiyo na ethi kwa kawaida itafanya chaja ikatae kuwaka, na chaja inapokataa inakuwa imeifanya kazi yake vizuri, kwa hiyo fundi anayejitolea "kuidanganya" amekuondolea kitu kinachokukinga bodi la gari lisikupige shoti.

Tahadhari ya pekee inawahusu wenye magari yaliyotumika kutoka Japani, kama vile Nissan Leaf. Kebo nyingi zinazokuja na magari hayo zimeandikwa 200V na 15A, kwa ajili ya soketi maalumu za huko. Hapa kwetu plagi ya asili hukatwa na kufungwa plagi yetu ya ampea 13, kisha kebo iliyokusudiwa volti 200 inapewa 230 au 240, na plagi ya ampea 13 inabebeshwa karibu 15 usiku mzima. Fyuzi ya ampea 13 haikatiki papo hapo kwa mzigo huo; huweza kuustahimili kwa saa nyingi huku plagi ikipikika taratibu. Kebo ya namna hiyo haifai kuchomekwa kwenye ekstensheni yoyote, wala moja kwa moja ukutani. Nunua chaja iliyotengenezwa kwa umeme wetu.

Ikiwa chaja yako au gari lako linaruhusu kupunguza mkondo, punguza. Joto hufuata mkondo kwa kipeo cha pili, kwa hiyo kutoka ampea 10 hadi 8 unapoteza moja ya tano ya kasi ya kuchaji, lakini joto la waya na la miguso hupungua kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa ampea 8, saa kumi za usiku bado zitalipa gari dogo umeme wa kwenda kama kilomita 90, nao watu wengi wa mjini hawafikishi umbali huo kwa siku.

Maungio yasilale chini, hasa wakati wa masika. Yainue, na soketi ya nje iwe ya IP44, yaani isiyoingiza maji ya kurushiwa, au zaidi. Usiyafunge kwa nailoni, kwani hufungia joto na unyevu humo humo. Kebo isipite chini ya zulia, geti wala tairi.

Suluhisho la kudumu ni laini ya peke yake kutoka kwenye ubao wa meni hadi kwenye maegesho, yenye breka yake na kifaa cha kukata umeme unaovuja kinachofaa magari ya umeme, kwa kuwa aina ya kawaida ya kifaa hicho, iitwayo AC, inaweza kupofushwa na mkondo mnyoofu (DC, kama wa betri) unaovuja kutoka kwenye gari. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania Bara au ya EPRA kwa Kenya. Ukimwagiza pia kebo nene ya ekstensheni, simama umwangalie anapofunga plagi: plagi nyingi za kawaida hazimezi waya wa 2.5, na fundi mwenye haraka hukata baadhi ya nyuzi za shaba ili zilizobaki ziingie tunduni.

Usiku wa kwanza, baada ya nusu saa na tena baada ya saa moja, gusa kwa mgongo wa kiganja plastiki ya plagi ya ukutani, kisha maungio ya ekstensheni, kisha kebo yenyewe. Vuguvugu ni kawaida. Ukishindwa kuacha mkono hapo, simamisha uchaji kwenye gari kwanza, halafu zima swichi ya soketi, ndipo uchomoe. Na plagi ikishabadilika rangi, usiisugue kwa msasa na kuirudisha kazini. Vibano vya soketi vilivyopashwa joto kiasi hicho vimeshapoteza ukakamavu wake, na plagi mpya itakayoingizwa humo itaungua kama ile ya kwanza; vibadilishe vyote viwili.