Mvunjiko wa udhaifu si ajali, wala si "uzee tu"

Kwenye wodi za mifupa hapa Dar es Salaam kila aliyevunjika huambiwa kapata ajali. Kijana aliyegongwa na bodaboda Mbagala kapata ajali. Bibi aliyeteleza akitoka bafuni Magomeni naye kapata ajali. Wote wanapigwa picha, wanaungwa mfupa, wanapewa tarehe ya kliniki. Kijana ametibiwa. Bibi ametibiwa nusu.

Bibi ana mvunjiko wa udhaifu, yaani mfupa umevunjika kwa nguvu ndogo ambayo mfupa imara ungeihimili. Kipimo chake ni kuanguka kutoka kimo cha mtu aliyesimama, au chini ya hapo. Huvunjika zaidi nyonga, kifundo cha mkono, pingili za mgongo na mkono karibu na bega.

Wanaokataa kuiita ajali nao hukimbilia kusema ni uzee, na hapo ndipo ninapokereka zaidi. Kinachotazamwa ni nguvu iliyovunja, siyo umri wa aliyevunjika. Mzee wa miaka 80 akigongwa na daladala Ubungo, huo si mvunjiko wa udhaifu. Gari lingemvunja hata mjukuu wake. Mama wa miaka 55 aliyekoma hedhi, au mgonjwa aliyemeza prednisolone (dawa ya steroidi inayodhoofisha mifupa) miezi mingi, akijikwaa sebuleni na kuvunjika kifundo cha mkono, mfupa wake umeshatoa taarifa. Aliyevunjika hivyo mara moja yuko kwenye hatari karibu maradufu ya kuvunjika tena. Ukimwambia ni uzee umemnyima dawa, maana uzee hauna dawa, ila mfupa dhaifu unayo.

Wengine husema tusubiri kipimo cha msongamano wa mfupa, yaani kinachoonyesha mfupa umeshiba madini kiasi gani. Ni kweli Shirika la Afya Duniani liliweka mstari wa kuhesabu mfupa kuwa dhaifu mwaka 1994, alama ya -2.5 ukilinganishwa na mfupa wa kijana mwenye afya, lakini watu wengi huvunjika kabla ya kuufikia. Mfupa wa nyonga uliovunjika kwa kuteleza ni ushahidi tosha wa kuanza kushughulika.

Kisha lipo swali la pili, lisiloulizwa kabisa: kwa nini alianguka? "Aliteleza" haitoshi. Apimwe presha akiwa amelala, halafu akiwa amesimama. Ile ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, kizunguzungu chake kina sababu. Aulizwe dawa anazomeza, hasa diazepam ya usiku, inayoleta usingizi, na vidonge vya kukojoza. Atazamwe macho, na kama ana kisukari, nyayo zilizokufa ganzi.

Haya yanahusu hata aliyelazwa kwa malaria. Usiku ndugu wameondoka, choo kiko mbali, sakafu imetoka kupigwa deki, na mgonjwa amekatazwa kushuka kitandani peke yake. Atashuka tu, kwa sababu mkojo haumsubiri muuguzi. Kumpandishia vyuma vya pembeni vya kitanda akiwa amechanganyikiwa ni hatari zaidi, maana atavipanda na kuanguka kutoka juu zaidi. Na kumlaza tu siku nzima kunamaliza nguvu za miguu. Kinachosaidia ni kitanda kushushwa chini, magurudumu kufungwa, fimbo na viatu visivyoteleza kuwa karibu na mkono wake, na muuguzi kumpeleka chooni kabla hajabanwa.

Uingereza ilianzisha daftari la kitaifa la nyonga zilizovunjika mwaka 2007. Hospitali za huko hazipimwi kwa haraka ya upasuaji peke yake, bali pia kama mgonjwa alichunguzwa mifupa na sababu ya kuanguka.

Kwa hiyo, ndugu yangu, daktari akikuuliza mama yako kaumiaje, usiseme ajali. Mwambie alikuwa amesimama au amekaa, alikuwa anafanya nini, na siku hiyo alimeza dawa gani. Kabla hajaruhusiwa, uliza pia dawa ya mfupa wenyewe.