Hawakukimbilia Ziwani

Wiki iliyopita nimeulizwa tena. Nimemaliza mhadhara wa saa nzima kuhusu kranogi, yaani visiwa vya kutengenezwa vyenye nyumba juu yake, za Uskoti na Ayalandi, nimeonyesha nguzo, sakafu na mifupa ya ng'ombe, na mkono wa kwanza kuinuka ukauliza: "Sasa hawa watu walikuwa wanamkimbia nani?"

Sikuwa nimetaja adui hata mmoja. Lakini ukimwambia mtu kwamba wazee wa zamani walirundika mawe na magogo ziwani mpaka kikatokea kisiwa, halafu wakajenga nyumba juu yake, moja kwa moja anaona woga. Nimechoka na jibu hilo, na leo nataka nilivunje vipande vipande.

Tuanze na njia. Kranogi nyingi zimeunganishwa na nchi kavu kwa tuta la mawe au kwa daraja la mbao. Anayejificha hatandazi barabara mpaka mlangoni pake. Kranogi ya Oakbank, katika Loch Tay, ziwa la Uskoti, ambako mwanaakiolojia Nicholas Dixon alianza kuchimba chini ya maji mwaka 1980, nguzo za daraja hilo bado zimo majini. Sakafuni kulitandikwa kangaga, na humo mlikuwa na mavi ya kondoo. Yaani kondoo waliswagwa juu ya maji hadi ndani. Kulikuwa pia na chombo cha mbao chenye mabaki ya siagi. Mashamba na malisho yao yalikuwa ng'ambo, ufukweni, ambako adui angeyachoma bila hata kulowa miguu.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu kitabu hakiwezi kukuonyesha hili. Ukifukua tandiko la namna hiyo chini ya maji, jani hutoka bado lina ukijani. Limelala kwenye tope lisilo na hewa zaidi ya miaka elfu mbili. Unalitazama, na katika dakika chache tu za hewa linageuka kahawia mbele ya macho yako. Kila mara inaniuma. Mtu aliyekata jani hilo alipanda mlimani, akafunga mzigo, akaurudisha nyumbani ili watoto wake wasilale kwenye baridi. Nikiambiwa alikuwa mtoro, naona anadhulumiwa.

Halafu kuna suala la kuonekana. Loch Tay ni ziwa refu, jembamba, lenye milima pande zote mbili. Nyumba ya duara yenye paa kubwa, imesimama peke yake juu ya maji, moshi unapanda: huwezi kuikosa ukiwa upande wowote. Kama nia ni maficho, msitu ulikuwepo.

Wale wanaoshikilia neno "ngome" nawapeleka Llangors, kranogi pekee inayojulikana Wales. Pete za miti, yaani miviringo ambayo shina huongeza kila mwaka, zinaonyesha mbao zake zilikatwa kati ya mwaka 889 na 893. Ilikuwa makao ya ukoo wa kifalme wa Brycheiniog, ufalme mdogo wa Wales, na humo imepatikana nguo iliyoungua, iliyotariziwa kwa ustadi wa ajabu, yenye nyuzi za hariri. Mwaka 916 Æthelflæd, mwanamke aliyetawala Mercia huko Uingereza, alituma jeshi. Likaiteketeza na kumchukua mateka mke wa mfalme pamoja na watu wengine 33. Maji hayakuwaokoa. Maji yalikuwa kiti cha enzi: kila apitaye ajue nani anatawala bonde hili.

Nikiri upande wa pili, maana upo. Huko Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, mwishoni mwa karne ya 16, watemi wa Kigaeli, wenyeji wa huko, walitumia kranogi kweli kweli kama ngome dhidi ya majeshi ya Uingereza, na ramani za Richard Bartlett za mwanzoni mwa karne ya 17 zinaonyesha moja ikishambuliwa. Kosa ni kulichukua tukio la miaka hiyo na kulivisha historia ya miaka zaidi ya elfu tano.

Naam, elfu tano. Mwaka 2012 mzamiaji Chris Murray alikuta vyungu vya Zama za Mawe Mpya kwenye sakafu ya maziwa ya kisiwa cha Lewis, Uskoti, kando ya visiwa vilivyojengwa kwa mawe. Wanaakiolojia Duncan Garrow na Fraser Sturt wakafuatilia, na tarehe zikatoka kati ya 3640 na 3360 KK. Vyungu vingine ni vizima au karibu vizima, vina masizi ya jikoni, na vingi mno kusema viliponyoka mikononi. Vilitiwa majini kwa makusudi. Huenda watu hawakukaa pale siku zote, bali walikusanyika, wakapika, wakala, wakaviacha. Woga uko wapi hapo?

Kuna hoja moja inayoniudhi kuliko zote: kwamba kranogi za Zama za Chuma zilijengwa kwa mpigo, kwa hiyo lazima kulikuwa na vita. Kwa mpigo kwa kipimo gani? Kati ya mwaka 800 na 400 KK mstari wa kusahihishia tarehe za kaboni, yaani umri unaopimwa kwa kaboni iliyobaki ndani ya mbao, umelala kama meza. Nguzo mbili zilizopishana karne tatu zinaweza kukupa jibu lilelile. Ule "mpigo" umezaliwa na kipimo chenyewe, na tulipaswa kulisema hili mapema na kwa sauti zaidi. Pete za miti ndizo zinazokata mzizi wa fitina, mradi gome lipo. Nguzo iliyopoteza tabaka la nje haikupi mwaka wa kukatwa. Black Loch of Myrton, huko Uskoti, iliyokuwa kwenye orodha ya kranogi, imetupa mwaka 435 KK, na kumbe kilikuwa kijiji kwenye kinamasi, wala si kisiwa.

Jambo la mwisho ni kazi. Kranogi huzama kwa uzito wake yenyewe. Buiston, huko Ayrshire, sakafu zilititia, wakatandaza nyingine juu yake, jiko likajengwa upya, uzio ukabadilishwa, na pete za miti za karne ya 6 na ya 7 BK zinatuhesabia ukarabati huo. Mkimbizi husubiri hatari ipite arudi kwao. Hawa kila nyumba ilipozama waliinua shoka, wakakata mti mwingine, wakausimamisha palepale.