Kumkabidhi msaidizi kazi za ofisi katika kliniki ya ushauri nasaha: dhana potofu na ukweli

Mshauri nasaha anayejitegemea Nairobi, mwenye chumba kimoja Hurlingham au Westlands, mara nyingi ndiye mpokezi, karani, mhasibu na mfuatiliaji wa bima. Jioni humkuta bado anajibu WhatsApp na kuandika risiti, na anayeumia ni mteja wa saa kumi na moja, anayesikilizwa na mtu aliyechoka. Wengi wanajua kwamba wanahitaji msaidizi. Kinachowazuia, au kinachowaharibia wakishamwajiri, ni dhana kama hizi.

Dhana: Mtu wa tatu akigusa faili, siri ya mteja imevunjika.

Siri huvunjika mtu anapoona jambo ambalo kazi yake haimhitaji kuliona. Anayepanga miadi anahitaji jina, nambari ya simu, siku na ada. Basi. Kwa hiyo gawa faili ya kila mteja mara mbili. Faili ya ofisi ina mawasiliano, tarehe za vikao, malipo na fomu ya ridhaa. Faili ya kikao ina historia, maandishi yako, utambuzi wa tatizo lake na mpango wa tiba. Hii ikae kwenye kabati au akaunti nyingine, yenye nenosiri ambalo msaidizi hana.

Mambo huharibika pale akaunti moja inapotumiwa na wote wawili: msaidizi anafungua kalenda na folda ya maandishi ya vikao iko pembeni yake. Au mshauri mwenyewe anaandika kwenye kalenda jina kamili na neno “talaka” mbele yake. Kwenye kalenda weka nambari ya faili na muda wa kikao tu.

Jumbe za kukumbusha miadi zinataka uangalifu kuliko kitu kingine chochote anachotuma msaidizi, maana simu nyingi hushikwa pia na mume, mke au mtoto. Ujumbe usitaje tiba, wala jina la kliniki ikiwa linafichua kazi yake. Huu unatosha: “Habari. Tunakukumbusha miadi yako kesho saa nane mchana. Jibu NDIYO kuthibitisha.” Kwenye fomu ya siku ya kwanza, muulize mteja atafutwe kwa nambari ipi, saa ngapi, na kama anapendelea kupigiwa au kuandikiwa. Fomu hiyo hiyo imweleze kwamba kuna msaidizi na ataona nini.

Bima ndiyo sehemu ngumu. Fomu ya madai huomba utambuzi, pengine kwa msimbo kama F32 (sonona) au F41.1 (wasiwasi uliopitiliza). Sehemu hiyo ijaze wewe. Lakini msaidizi akiituma ataiona, kwa hiyo mteja akubali hilo kwa maandishi kabla ya dai la kwanza. Asipokubali, dai lake ulitume wewe mwenyewe.

Dhana: Sheria ya data ni ya hospitali kubwa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huhesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Kanuni za usajili za 2021 huwasamehe wenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, ila msamaha huo hauwagusi wanaotoa huduma kwa wagonjwa. Chumba chako kimoja kinapaswa kusajiliwa kwa Kamishna wa Data, na cheti hudumu miezi 24. Msaidizi wa nje, asiye mwajiriwa wako na anayefanya kazi mtandaoni, lazima awe na mkataba wa maandishi unaosema atafanya nini na data hiyo.

Simu ya kazi ikiibwa kwenye matatu, una saa 72 tangu ujue kumwarifu Kamishna ikiwa wateja wanaweza kudhurika. Msaidizi wa nje naye anatakiwa akuarifu ndani ya saa 48. Anayeogopa kufukuzwa huficha, na wakati huo data ya wateja iko mikononi mwa mwizi. Mwambie siku ya kwanza kwamba kuripoti mapema hakutamgharimu kazi, kisha utimize ahadi hiyo.

Dhana: Msaidizi mwenye huruma anaweza kumsikiliza mteja kidogo kwa simu.

Hii ni hatari. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 inataka anayetoa huduma hii awe amesajiliwa, na msaidizi hajasajiliwa. Hata hivyo, siku moja atapokea simu ya mtu anayesema hataki kuishi tena, nawe umo kikaoni. Mwachie ukurasa mmoja mezani. Aulize: uko wapi sasa hivi, uko na nani? Asikate simu. Kwa simu ya pili akutafute, hata kwa kugonga mlango wa kikao; usipopatikana, ampigie mshauri mwenzako mliyekubaliana naye awali. Kisha atafute mtu wa karibu aliyetajwa kwenye fomu, na aelekeze hospitali ya karibu yenye kitengo cha dharura. Hofu ya kumtia mteja mikononi mwa polisi isimcheleweshe: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Dhana: Pesa ndizo za kukabidhi mwisho kabisa.

Malipo ni rahisi kukabidhi kuliko bima, mradi anayepokea na kuandika asiwe anayetoa. Ukiwa na Paybill yako, yaani nambari ya biashara ya kupokea malipo ya M-Pesa, mteja huandika nambari yake ya faili kama nambari ya akaunti, nawe hulinganisha malipo na vikao bila kubahatisha. Msaidizi athibitishe kila malipo kwenye taarifa ya akaunti. Picha ya ujumbe wa M-Pesa hughushiwa kirahisi.

Dhana: Ukimwita msaidizi “mkandarasi” badala ya mwajiriwa, makato ya mshahara hayakuhusu.

Anayekuja kila siku kwa saa ulizopanga na kutumia meza yako ni mfanyakazi. Kodi ya mshahara, NSSF (akiba ya uzeeni), bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75 ya mshahara wake, na ada ya serikali ya nyumba za bei nafuu ya asilimia 1.5 kutoka kwake na 1.5 kutoka kwako, zote zilipe kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Dhana: Kumfundisha kunachukua muda mwingi kuliko kuifanya kazi mwenyewe.

Mwezi wa kwanza, ndiyo. Anza na miadi na jumbe za kukumbusha kwa wiki mbili, ongeza malipo, bima iwe ya mwisho. Kila Ijumaa kaeni nusu saa mpitie waliokosa kikao, wanaodaiwa, madai yaliyokataliwa na wanaosubiri nafasi. Laini ya kazi isajiliwe kwa jina lako au la kliniki, kamwe isiwe ya msaidizi. Siku anapoondoka, ichukue pamoja na funguo, badilisha maneno ya siri, na uondoe kompyuta yake kwenye vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp kabla hajatoka mlangoni.