"Inaprinti vizuri, basi skana ndiyo imekufa"

Wiki hii nimeisikia mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimekwama kwenye msongamano wa Mombasa Road: "Fundi, kuprinti inaprinti sawasawa, lakini skani haiendi kwa folda. Skana imekufa. Tununue nyingine?"

Msinunue. Weka karatasi kwenye kioo, piga kopi. Kopi ikitoka, skana iko hai, na mjadala wa kifo chake umeisha. Kuna ofisi moja ambayo haikunisubiri. Walinunua mashine mpya, wakaibeba hadi ghorofa ya nne kwa ngazi, na ikagoma vilevile kama ya zamani, kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye printa.

Watu hudhani printi na skani ni njia moja. Unapoprinti, kompyuta ndiyo inayoitafuta printa. Unaposkani kwenda kwenye folda, mambo yanageuka: printa ndiyo inayobisha hodi kwenye kompyuta ya mhasibu, kupitia poti 445 (mlango wa mtandao unaotumika kushiriki mafaili), ikajitambulisha kwa jina na nenosiri lililohifadhiwa kwenye kitabu chake cha anwani, kisha ikaomba ruhusa ya kuandika faili. Kuniambia "inaprinti" ni kama kuniambia ulipata matatu ya kwenda Rongai saa kumi na moja jioni, kwa hivyo ya kurudi mjini saa nane usiku haitakosekana.

Sasa, nani huharibu safari hiyo? Mara nyingi ni stima. Ikipotea na kurudi, ruta huwaka upya, na kompyuta ambayo anwani yake ya mtandao ilikuwa 192.168.1.20 huweza kuamka ikiwa 192.168.1.34. Printa haijui. Inaendelea kubisha nyumba ya zamani, aliyehama keshahama. Ingia kwenye ruta, itengee kompyuta hiyo anwani moja ya kudumu.

Kama si stima, ni nenosiri. Mhasibu amebadilisha lake Jumatatu, akamwambia kila mtu isipokuwa printa. Halafu ananiapia, "Hatujagusa chochote!" Kwenye mitandao ya ofisi inayosimamiwa na seva ya Windows, muda wa nenosiri usipobadilishwa na msimamizi huisha baada ya siku 42, kwa hivyo hata msipogusa, kuna kinachowagusa. Kisha printa hurudia kujaribu lile la zamani hadi akaunti inafungwa, na sasa mhasibu mwenyewe hawezi kuingia, na hiyo ni Juni, KRA, mamlaka ya kodi, inasubiri ritani kabla ya tarehe 30.

Ndiyo maana naimba wimbo mmoja kila ofisini ninapoingia, na wateja wangu wameuchoka: fungua akaunti ya pekee kwenye kompyuta ile, iite "skana", ipe nenosiri refu lisiloisha muda, na iruhusu kuandika kwenye folda ile moja tu. Isiwe ya bosi. Isiwe ya yule aliyeacha kazi mwaka jana.

Kabla ya kunipigia, fanya jaribio hili. Nenda kwenye kompyuta nyingine, andika \\192.168.1.20\Skani (weka anwani na jina la folda yenu), uingie kwa jina na nenosiri lilelile ililo nalo printa, kisha ujaribu kuhifadhi faili humo. Ikikataa, usiilaumu skana, tatizo liko kwenye kompyuta au kwenye anwani, jina au nenosiri hilo.

"Nimeweka PIN yangu na imekataa." Itakataa hadi kesho. PIN ya kufungulia Windows ni ya kompyuta ile tu, haitambuliki mtandaoni. Printa inataka nenosiri lenyewe.

"Folda nimeifungulia kila mtu." Umefungua kwenye ukurasa wa kushiriki. Ukurasa wa usalama wa folda una ruhusa zake, na kati ya hizo mbili, iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Angalia zote.

"Zima ukuta wa moto (firewall, mlinzi wa kompyuta dhidi ya wageni wa mtandaoni), itapita." Labda itapita, na wengine watapita nayo. Tazama kwanza kama Windows imeuhesabu mtandao wa ofisi kuwa wa umma, kwani hapo huzuia kushiriki mafaili. Ugeuze uwe wa faragha.

"Washa SMB1." Ushauri huu wa mtu aliyeuona kwenye video ndio unaonitoa jasho. SMB1 ni lugha ya zamani ya kushiriki mafaili, na ni udhaifu uliokuwa ndani yake uliopitiwa na kirusi cha WannaCry Mei 2017 hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Baadaye mwaka huohuo, Windows 10 toleo la 1709 ilianza kuja bila SMB1. Printa nyingi za kizamani hazijui lugha nyingine. Jaribio langu la juu likipita lakini printa bado inakataliwa, mshukiwa ni huyu. Tafuta toleo jipya la programu ya ndani ya printa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Lisipokuwepo, skani kwenye flashi au barua pepe. Kama kuna mtu keshaiwasha SMB1 hapo kwenu, izime leo, nami nitakuja Alhamisi kuona hiyo printa.